Steringi Aliyehamia Nyuma ya Kamera

Wakati wetu, filamu ilikuwa na sheria moja tu: steringi hafi. Wenzangu mliopitia kambi za wakimbizi Kigoma kabla ya kuletwa Minnesota mnaijua vizuri. Steringi anaweza kupigwa risasi, kutupwa mtoni, nyumba nzima ikamwangukia. Ukisikia muziki unapanda, ujue anaamka. Wanaokufa ni adui na yule rafiki mchekeshaji. Tuliibeba sheria hiyo mpaka Oakdale, mashariki ya Saint Paul, kwenye fleti ya ghorofa ya pili iliyonukia sombe, kisamvu chetu cha Kongo, na zulia lililolowa theluji.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa Yaya, kama Wakongo tunavyomwita mkubwa. Wa pili alikuwa mdogo wangu Yosua, mwenye mdomo usiopumzika, na wa mwisho Mapendo, msichana aliyependa kuuliza swali lilelile mpaka umjibu. Baba tulimzika Kongo. Mama alikuwa akifua mashuka ya hospitali huko Coon Rapids, na siku zake za mapumziko alitupeleka maktaba kupata joto. Mzee wa maktaba alituazima sanduku la DVD za zamani, picha nyeusi na nyeupe. Alisema watu wa filamu hizo walitamka maneno mpaka mwisho, tungejifunza Kiingereza.

Ndani ya sanduku hilo tulimkuta Bwana Kofia. Jina lake halisi liliushinda ulimi wetu, nasi tukampa la kofia yake, ambayo haikudondoka hata akipigana juu ya treni. Filamu zilipangwa kwa miaka, kwa hiyo tulimwona akipanda ngazi. Katika ya kwanza alishika hatamu tu na kusema neno moja: "Farasi yuko tayari, bwana." Yosua alilikariri kwa Kiingereza kabla hajajua kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Asubuhi moja alimwambia hivyo dereva wa basi la shule, na yule mzee akacheka mpaka akasahau kufunga mlango. Kufikia filamu ya nne, Kofia alikuwa steringi kamili. Nasi tukawa steringi kwenye korido, tukikimbia na mabuti mazito, tukigombana nani awe adui. Yosua alikataa kufunga zipu ya koti majira yote ya baridi. "Steringi hafungi zipu," alisema, huku kamasi zikimganda.

Mama alituacha tutazame, ila kwa sharti. "Macho muipatie televisheni, masikio yabaki kwangu," alikuwa akisema kutoka jikoni, na ole wako akuite mara ya pili.

Majira yetu ya pili ya baridi Mama aliugua, na kabla theluji haijayeyuka akafariki. Makaburini Mapendo alinivuta mkono, akaniuliza taratibu, "Yaya, kumbe Mama hakuwa steringi?"

Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane majuma machache kabla. Nikaacha shule darasa la kumi na moja, nikachukua nafasi ya Mama kwenye mashuka. Kanisani watu walikaa kikao kwa nia njema kabisa. Familia moja ya Coon Rapids ingemchukua Mapendo, nyingine ya Saint Louis Park ingemchukua Yosua.

"We bado mtoto, binti yangu," mama mmoja aliniambia. "Utawaweza?"

"Mama, hatutagawanyika," nilimjibu. Sikuwa na hoja nyingine.

Lakini neno la mwisho lilikuwa la kaunti. Waliniarifu kwamba mama mmoja wa ustawi wa jamii angekuja Alhamisi kuangalia tunavyoishi na kuzungumza na watoto.

Shida ilikuwa shifti yangu. Ilianza alfajiri, kwa hiyo wadogo zangu waliamka nyumbani nisipokuwapo. Jirani yetu wa mlango wa pili alikubali kuwaangalia, na usiku nilitandaza nguo zao kwenye kiti, nikafunga vyakula vyao vya shule, nikabandika karatasi kwenye friji: nani aoge kwanza, nani afunge mlango. Kila asubuhi, saa moja kasoro dakika ishirini, nilipiga simu kutoka kwenye mashine za kufulia. Yosua alipaswa kujibu, "Farasi yuko tayari, bwana." Maana yake wamekula, wamevaa, basi halijawaacha. Nisiposikia maneno hayo, nilimpigia jirani papo hapo.

Jumapili kabla ya ugeni tuliweka filamu ya mwisho ya sanduku. Jina la Bwana Kofia lilitokea mwanzoni, kubwa, lakini yeye mwenyewe hakutokea. Mapendo alisubiri. Kila mlango ulipofunguliwa alikaa wima. Filamu ikaisha.

"Amekufa," alisema, akaanza kulia.

Yosua alisoma maandishi ya nyuma ya kasha. "Hajakufa! Amekuwa dairekta. Yeye ndiye anawaambia wengine waingie wapi, waseme nini."

"Mbona haonekani?"

"Sasa ataonekanaje na eko nyuma ya kamera?" Yosua akachukua boksi la nafaka, akaliweka jichoni, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. "Mimi unaniona kwenye picha? Hunioni. Nimekufa?"

Mapendo alifikiri. "Bado," alisema. Tulicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Alhamisi yule mama alikuja na kalamu na faili. Alitazama friji, vitanda, dawa ya mswaki. Kisha aliniomba nibaki jikoni azungumze na watoto peke yao. Jiko halikuwa na mlango. Nilisimama na mwiko mkononi, sombe ikishika chini ya sufuria, nikisikiliza.

Alimuuliza Mapendo, asubuhi ukiamka, dada yako yuko wapi?

Mapendo alijibu kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa akinijibia hata mimi. "Haonekani," alisema.

Kalamu ilianza kuandika. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini neno hilo nililielewa. Nilijua hukumu yetu ilikuwa inaandikwa, kwa mkono, mezani kwetu. Yosua alifungua mdomo. Yule mama akamnyamazisha kwa kiganja.

"Haonekani kabisa?"

"Ni dairekta," Mapendo alisema. Nikasikia miguu yake ikikimbia. Alirudi na kasha la DVD, akamwonyesha kofia, akamweleza habari yote, farasi, treni na boksi la nafaka. Kisha akamshika mkono, akampeleka kwenye kiti chenye nguo, kwenye friji, kwenye karatasi yangu. "Hii ameiweka yeye. Na hii. Sisi tuko kwenye picha. Yeye eko nyuma."

Yule mama alisimama mbele ya karatasi, akaipitia yote kwa kidole, ingawa ilikuwa kwa Kiswahili. Kisha akaniuliza kama ile sufuria inaungua. Ilikuwa imeungua.

Barua ya kaunti ilikuja baada ya majuma matatu: tubaki pamoja.

Watoto wa siku hizi wana filamu za dunia nzima kwenye kiganja, na hawawezi kumngoja mtu afungue mlango. Wanaruka kwa kidole mpaka wamfikie. Hata wakimaliza, hawajui nani aliitengeneza. Sisi tulikuwa na sanduku moja na zulia moja, na ilibidi tungoje.

Yosua sasa anaishi Saint Louis Park, anafunga zipu bila kuambiwa, na Mapendo yuko chuoni. Tuligawanyika hatimaye, bila kaunti wala kanisa, kwa kukua tu. Fleti yangu imekuwa nadhifu kuliko ninavyopenda. Lakini bado naamka mapema, na ikifika saa moja kasoro dakika ishirini najikuta nimeshika simu. Asubuhi nyingi iko kimya. Nyingine inatetemeka mara moja, ujumbe wa Mapendo, maneno manne tu: farasi yuko tayari, bwana. Hapo ndipo naweka maji ya chai.