Mawese Kwenye Usukani wa Kezia

Kezia alizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa hiyo anaita usukani kile ambacho Rumonge nzima, huku Burundi, inaita volan. Madereva wenzake wa teksi hawakumsamehe hilo, wala kosa la kuwa mwanamke. "Volan inataka mikono," walimwambia, "si hereni."

Gari lake lilikuwa na adabu kuwazidi. Usukani wake unasaidiwa na pampu inayosukuma mafuta, na msaada wenyewe unafuata mwendo. Ukiegesha sokoni, msaada unajaa, unazungusha kwa kidole kimoja. Ukikimbia barabara ya ziwani kuelekea Muhuta, msaada unapungua, usukani unakaza, ili ukipiga chafya usiende kusalimia mamba.

Jumamosi moja akapewa kazi ya kumpeleka bibi harusi, Vestine, kutoka Gatete hadi kanisani. Shangazi wa bwana harusi, Mama Agata, alishatoa hukumu: Kezia akigonga geti la kanisa, hakuna harusi nyingine itakayopanda gari lake.

Asubuhi usukani ukagoma. Gari limesimama, wakati ambao usukani hupaswa kuwa mwepesi kuliko wote, nao mzito kama jiwe la kusagia.

"Lameki!" akamwita kaka yake. "Umegusa nini?"

"Nimekusaidia, dada. Mafuta ya volan yalipungua, nikaongeza jana jioni. Yale mekundu."

"Mekundu ya wapi?"

"Si iko pale jikoni!"

Mawese ya kupikia! Kweli, hayo na ya usukani yote ni mekundu. Hata pilipili ni nyekundu. Na baridi ya usiku ilikuwa imeyagandisha vilevile yanavyoganda kwenye chupa ya mama yao.

Kezia alitukana kidogo, kisha akafungua mkanda unaozungusha pampu asije akaiua kabisa. Usukani bila msaada bado unageuza magurudumu. Unadai misuli tu. Akamchukua Vestine, na kila kona akaacha gari litambae kwanza ndipo azungushe, maana likisimama usukani hauzunguki kwa maombi wala matusi.

Geti la kanisa lilikuwa jembamba, na kona yake mbaya. Kezia akavuta, jasho likamtoka, hereni moja ikaruka. Gari likaingia bila kukwaruza hata rangi.

Mama Agata akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kama anachagua muhogo, akastaajabu.

"Yebabawe! Mutoto, uko na bwana?"

"Bado, shangazi. Namtafuta anayejua kwamba si mafuta yote mekundu ni ya maharage."