Mume Aitwaye Vitunguu

Juzi nilipanga foleni ya vibali vya kuvuka mpaka kwenda Goma, nyuma ya mama mmoja wa mtaa wa Mbugangari aliyekumbatia beseni lake la biashara. Karani alikuwa akijivunia kompyuta mpya na programu aliyoiandika mwenyewe, ya kwanza maishani mwake. Printa ikalia, karatasi ikatoka. Mama akaisoma kwa kidole, na kidole kikasimama ghafla.

"Kazi: nyanya. Mume: vitunguu. We karani, mi niliolewa na vitunguu?"

Karani akafuta miwani. "Mama, ulisema unauza nyanya, vitunguu. Nikaweka mkato katikati. Programu inasoma faili, na kila ikikuta mkato inaanza mstari mpya."

"Na bwana yangu iko wapi?"

"Jina lake limesukumwa chini, mpaka penye makazi."

Karani akataka kuichana karatasi. Mama akaikwapua.

"Bon, acha hivyo. Ule bwana hata chumvi haleti. Vitunguu ndiyo inalisha watoto yangu. Piga muhuri!"

Akina mama wote kwenye foleni wakapiga makofi. Sisi wanaume tukatazama viatu vyetu, kila mmoja akijiuliza mashine ile ingemsukumia mstari gani.