Kurasa Alizozivuta Babu Jirani

Mwezi uliopita niliitwa Mugumu kuzungumza na wanafunzi wa sekondari kuhusu vitabu vilivyonijenga. Nimechoka na mialiko ya namna hii, rafiki yangu, ila huwa naikubali, kwa kuwa soda hazikosekani na mtu akifika umri wangu hupenda kuamini kwamba kuna kitu kilimjenga. Nikasimama mbele na miwani yangu, nikataja vitabu sita vizito. Viwili sijavimaliza mpaka leo. Kimoja nakijua kwa jalada tu. Watoto wakaandika vyote kwenye madaftari yao, kwa utiifu ulionitia aibu.

Halafu binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Shikamoo, madam. Sasa cha kwanza kabisa kilikuwa kipi?"

Nikamwambia nimesahau. Nilidanganya, tena mbele ya mkuu wa shule. Nakikumbuka vizuri mno. Kilichonishinda ni kueleza kwamba nusu yake ilivutwa.

Nilikulia Kerende, huko Tarime, kwa bibi mzaa mama. Baada ya shule kazi yangu ilikuwa kulinda ulezi ulioanikwa juu ya jabali nyuma ya nyumba, nisiwape kuku nafasi. Jiwe lilikuwa la moto, ulezi ulinuka vumbi tamu, na kutoka zizini ulikuja moshi wa samadi iliyokuwa ikichomwa kufukuza nzi. Bibi alinisogezea ugali wa jana, ule mweusi wa ulezi na muhogo, pamoja na kibuyu cha maziwa mgando, kisha akanisahau mpaka jua lilegee.

Kando ya jabali kulikuwa na kihenge cha babu jirani, na chini ya kivuli cha kihenge alikaa yeye mwenyewe na litungu lake, lile zeze kubwa la Kikurya lenye nyuzi nane. Hakuwa ndugu yetu, ila alikuwa wa rika la babu yangu, kwa hiyo aliniita mke wangu, na alilalamika kila siku kwamba simpikii. Alipopiga, mlio ulipita kwenye jabali nikausikia kwenye makalio kabla haujafika masikioni. Aliimba juu ya ng'ombe, juu ya watu waliotajwa kwa majina ya baba zao, juu ya safari alizofanya ujanani. Mimi nilikuwa nafukuza kuku.

Mwalimu wetu wa darasa la tano alitoka mikoa ya kusini, na alikuja na sanduku la chuma lenye vitabu vyake mwenyewe, kama ishirini hivi. Kila Ijumaa mtoto mmoja aliazimwa kitabu kimoja kwa wiki moja. Sharti lake lilikuwa dogo na la kutisha: kitabu kimoja kikiharibika, sanduku linafungwa kwa darasa zima. Muhula uliotangulia mbuzi alikuwa ametafuna jalada, na tulikaa bila kitabu mpaka likizo. Mwenye mbuzi bado alikuwa anapigwa makonzi.

Zamu yangu ilipofika nilipewa hadithi ya mlinzi wa stesheni moja ndogo ya reli. Niliisoma juu ya jabali kwa sauti, kwa sababu sikujua kama kusoma kimya kunaruhusiwa. Babu jirani akaacha litungu. "Huyo anasema nini?" Nikawa namfasiria kwa Kikurya, ukurasa kwa ukurasa. Treni hatukuwahi kuiona, si yeye wala mimi, lakini tuliijadili kwa kirefu. Nilipoitwa kuchota maji niliweka unyoya wa kuku mahali nilipofikia, nikakiacha kitabu karibu naye. Kilikuwa mahali salama kuliko kwa mbuzi.

Jumanne nilikuta kitabu kimekonda. Kutoka mwanzo mpaka kwenye unyoya hapakuwa na kitu. Kurasa thelathini na mbili zilikuwa zimechanwa taratibu, kwa heshima kabisa, na babu jirani alikuwa ameshika karatasi ya mwisho, imesokotwa, inawaka. Ni tumbaku, rafiki. Najua sifa za Tarime kwa bangi, lakini ilikuwa tumbaku.

Nililia mpaka bibi akatoka na mwiko. "Wewe mzee! Umevuta shule ya mtoto!"

Babu jirani alishangaa kwa dhati. "Nimevuta alizomaliza. Shamba likishavunwa ng'ombe si wanaingia kula mabua, ama? Nani anawafukuza? Hizi za mbele hajavuna, sijagusa hata moja. Hesabu, mke wangu."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mavuno yakiisha, mabua ni ya ng'ombe wa kila mtu. Hakujua kwamba ukurasa ukishasomwa bado una mwenyewe. Nilipomweleza habari ya sanduku, na ya watoto arobaini ambao wangenila nyama, alizima msokoto wake kwenye jabali. Kisha akauliza, "Una karatasi nyingine?"

Nilikuwa na daftari la hesabu.

"Basi andika. Ulinisomea, ninazo."

Nilidhani ananifariji. Mimi niliyesoma kwa macho yangu nilikumbuka mlinzi, kofia yake na mvua. Yeye alikuwa na kila kitu. Alipokwama, alichukua litungu, akapiga na kuimba kidogo huku amefumba macho, halafu akasema, "Sasa mlinzi anafungua barua," na kweli, ndipo mlinzi alipofungua barua. Alisema kwa Kikurya, nami nikaandika kwa Kiswahili changu cha darasa la tano. Niligombana naye alipoingiza ng'ombe. "Hapakuwa na ng'ombe, babu." "Stesheni gani hiyo isiyo na ng'ombe? Andika." Kuku walikula ulezi siku tatu mfululizo, na bibi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakutoka na mwiko.

Ijumaa nikapeleka kitabu na daftari. Darasa zima lilikuwa linanitazama. Mwalimu akasoma akiwa amesimama dirishani, akafika mahali treni inapopita, akasoma kwa sauti: "Treni ilikuja kama ng'ombe wanaokwenda mtoni, mmoja nyuma ya mwenzake, na wa mbele ndiye aliyelia."

"Nani kakufundisha kuandika hivi?"

"Babu jirani. Ndiye aliyezivuta."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachomoa karatasi za daftari na kuzishona kwenye kitabu kwa uzi mweusi, akampa msichana aliyekuwa na zamu baada yangu. Sanduku halikufungwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilikikuta kitabu hicho maktaba, kizima. Nikakaa pale pale sakafuni, nikafungua mahali pa treni. Palikuwa na maneno mawili tu: "Treni ilipita." Nilikirudisha kwenye rafu nikijihisi nimeibiwa. Kila ninachoandika tangu hapo najaribu kukiandika kama kurasa zile thelathini na mbili, na wahariri wananipunguzia ng'ombe.

Babu jirani alifariki nikiwa bado chuoni. Barua ilinifikia baada ya mazishi.

Baada ya kumdanganya yule binti wa Mugumu sikuweza kurudi mjini moja kwa moja. Nikaenda Kerende. Jabali halipo. Limepasuliwa, na mahali pake kuna mashine ya kusaga mawe ya dhahabu na vijana kutoka Geita na Shinyanga, watu wachangamfu, wanaosikiliza muziki wa simu kwa sauti ya kushindana na mashine. Nilimpata mwanamke mmoja niliyesoma naye. Nikamuuliza kama anakumbuka hata wimbo mmoja wa yule mzee. Akafikiri, akavumisha kidogo puani, akaacha.

"Ulikuwa na jina la ng'ombe ndani," akasema. "Lakini we dada, si wewe ndiye uliyekuwa unamwandikia?"

Ni mimi. Siku tatu nilikaa mbele yake na kalamu mkononi, na kila alipochukua litungu, nilisubiri amalize wimbo ili niandike habari za treni.