Mtama Ambao Sikuutia Dawa

Siku ya kwanza kazini niliripoti Igalula nimevaa buti mpya ambazo hazijawahi kukanyaga shamba. Afisa Kilimo wa Wilaya alizitazama, akasema, "Binti, kwanza wasikilize wakulima. Kufundisha kutafuata." Nikasikiliza kwa miaka kadhaa, kisha nikahamishiwa Goweko. Huko ndiko lilikonikuta jambo ambalo hadi leo, nimekwisha kustaafu, sijalielewa.

Mwaka ule mvua zilikatika mahindi yakianza kutoa mbelewele. Tumbaku nayo ikanyauka. Msimu uliofuata ulipokaribia, shirika moja la misaada lilileta mtama wa muda mfupi, yaani unaowahi kukomaa kabla mvua hazijaisha. Mbegu ilikuja tupu, haijatiwa dawa. Bosi wangu wa wilaya akaagiza niichanganye na dawa ya wadudu, ile inayoipaka mbegu rangi nyekundu na kuifanya sumu kwa mlaji.

"Mzee, watu wana njaa," nilimwambia.

"Ndiyo maana," akajibu. "Wakiila sasa, watapanda nini?"

Nikachanganya.

Siku ya kugawa, Bi Nyamizi alifika wa mwisho. Alikuwa mjane anayelea wajukuu watatu. Shamba lake halikuwa limelimwa, kwa sababu kila siku alishinda kwenye vibarua vya watu apate unga.

"Mwanangu," aliniuliza, "hiyo nyekundu ukiiosha sana inalika?"

"Hailiki, mama. Ni sumu."

"Hata nikiiosha mara saba?"

Nilimtazama usoni nikajua ataiosha. Kwenye gunia la mwisho ulibaki mtama ambao bado sikuwa nimeuchanganya. Nikampimia huo.

Aliupika nusu. Alinieleza mwenyewe bila aibu: walikula siku nne, akapata nguvu, akalima, akapanda uliobaki. Alivuna.

Lakini wiki ileile aliyopanda, jirani yake Maganga aliiosha mbegu nyekundu akampa mkewe aipike. Wote wawili walilazwa zahanati wakitapika. Walipona, ila mkewe alikuwa mjamzito, na mimba ikatoka.

"Uliwaonya?" bosi aliniuliza.

"Niliwaonya."

"Basi kazi yako uliifanya."

Habari za Bi Nyamizi sikumwambia.

Baadaye alikuja bosi mwingine na agizo jipya: unga na mbegu vitolewe pamoja, ili mbegu isiliwe. "Mtu hawezi kulima na njaa, hilo linaeleweka," alisema kikaoni. Nilitaka kuuliza lilianza kueleweka lini. Nikaandika tu kwenye daftari.

Sasa naishi Tabora mjini. Maafisa ugani vijana huja kuniuliza mambo ya kazi. Wakiuliza nafasi kati ya mistari, au lini wapunguze miche, najibu bila kusita. Wakiuliza mbegu za msaada, naanza kueleza halafu napotea. Kama agizo lile lilikuwa baya, kwa nini nililitekeleza kwa kaya zote isipokuwa moja? Kama lilikuwa zuri, kwa nini nililivunja? Bi Nyamizi aliuliza, Maganga hakuuliza. Sijui kama hiyo ni sababu ya kutosha.

Mwezi uliopita nilimkuta Maganga stesheni, akingoja treni ya kurudi Goweko. Aliinuka.

"Shikamoo, bibi shamba. Wewe ulituambia ukweli. Sisi ndio hatukusikia."

Nikaitikia marahaba. Nikakaa naye kwenye benchi mpaka treni ilipoingia, na habari ya mtama wa Bi Nyamizi sikumwambia.