Kahawa Niliyowang'atia Watu Matiri

Siku ya kwanza kazini, Meneja wa ghala letu la ushirika pale Matiri alinipa punje ya kahawa, akasema, "Ng'ata." Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nikadhani ananidhihaki.

"Jino likizama, ni mbichi, irudi ikaanikwe. Ikikatika kwa mlio, pokea."

Ndiyo kazi niliyoifanya, hata mwanangu Neema akiwa mgongoni. Wakulima walileta kahawa ya maganda, yaani iliyokwisha kumenywa ganda la nje na kuoshwa, ikabaki na la ndani. Nang'ata kwanza, ndipo mizani.

Halafu biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wakaja na malori, ushirika ukashindwa kulipa deni la benki, benki ikaenda mahakamani. Mnunuzi mmoja akanifuata: "Dada, njoo ung'ate kwetu. Hapo unangoja nini, matanga?"

Nikamwuliza Meneja habari za kesi. Alijibu bila kunitazama. "Kesi ni maneno ya mjini tu, Mama Neema. Ukiondoka wewe, nani ataleta kahawa hapa?"

Laiti swali lile ningelisikia vizuri! Lakini ndiye aliyeniacha ninyonyeshe kazini, wengine wakinung'unika. Nikabaki.

Nyumbani, baba mkwe alikuwa amezuia magunia yake ndani. Meno yalishamtoka, kila msimu mimi ndiye niliyemng'atia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkamwana, unahama pale ghalani?"

"Sihami."

"Basi kesho napeleka."

Hakuuliza lingine. Majirani walipoona magunia yake yanapita, nao wakatoa ya kwao.

Siku ya nne, dalali wa mahakama akapiga kufuli ghala. Kahawa yote iliyomo, alisema, ni mali ya mdaiwa, yaani ushirika, ingawa wakulima walikuwa hawajalipwa. Meneja alijua. Barua ya mahakama ilikuwa kwenye droo yake wiki nzima, na familia yake alishaihamishia Songea. Nasema wazi: mimi nilikuwa chambo chake.

Kahawa ilikaa humo masika yote, ikaota ukungu. Harufu tuliisikia tukipita barabarani.

Sasa nimestaafu, bila uzee wala pensheni. Ninyi mnaoanza kazi, bosi akiwabembeleza mbaki, mwambieni kwanza afungue droo.

Msimu uliofuata baba mkwe alianika kahawa kidogo aliyopata. Nikamnyooshea kiganja anipe punje, kama kawaida.

"Acha tu, mkamwana," akasema kwa upole.

Akaitia punje kinywani mwake, akaiminya kwa ufizi, muda mrefu, akaitema. Hakujua kama imekauka. Akafunga gunia, akalipeleka kwenye lori la mnunuzi.