Kusafisha Picha

Waliokuwepo kwenye harusi ya Cheyo wanajua tayari. Ninyi wengine afadhali mlisikie jambo hili kwangu.

Kwa miaka mingi nimepiga picha za filamu hapa Tabora. Juzi nilinunua kamera ya dijitali, nikasoma mwongozo wake wa Kiingereza kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa. Sehemu moja ilinishinda, nikarudi dukani Kanyenye kuuliza.

"Hapa ndipo pa kusafisha," muuzaji akanionyesha. "Kadi ikijaa, unasafisha."

Nikaandika daftarini. Kwetu watu wa filamu, kusafisha ndiko kunakoitoa picha.

Jumamosi nikapiga picha za harusi. Babu wa bibi harusi, mgonjwa, alikuwa ameletwa kutoka Ulyankulu. Walimsimamisha kwa taabu apigwe picha na mjukuu wake. Picha zilijitokeza palepale kwenye kioo cha kamera, nami nikajiambia hizo ni za kuonja tu.

Bibi harusi alipokwisha kuondoka na mumewe kwenda Nzega, mama yake akanijia. "Fundi, tuonyeshe basi."

"Subiri mama, bado sijasafisha."

Nikabonyeza. Kamera ikauliza kama nina hakika. Nilikuwa nayo. Kioo kikabaki cheusi, nikawaeleza kwa utulivu kwamba picha yoyote huanzia gizani.

Shangazi mtu akainyakua kamera, akabonyeza huku na huku. "Giza gani, fundi? Umefuta zote!"

Kutoka kitini kwake babu akaniita, huku akiitafuta fimbo yake.

"Mwanangu, nisimame tena? Huyo mtoto yuko wapi?"