Printa Kinoru, Laptopu Ng'ambo

Baba alifunga ndoa ya kanisa na mama akiwa tayari na wajukuu. Mahari ilishalipwa zamani, lakini kila harusi ilipopangwa karo ya shule iliitangulia. Mwishowe siku ikapatikana, kanisani kwetu Mikinduri, na baba akaja na sharti lake: hataki kufuatisha maneno ya pasta kama mtoto wa nasari. Atasoma yake mwenyewe. Macho yake yalikuwa yanaisha, na daktari alishatuambia hayatarudi, kwa hivyo herufi zilipaswa kuwa kubwa kabisa. Alimtamkia kakangu mdogo maneno hayo kwa simu, kwa Kimeru, naye akayaandika kwenye laptopu yake kule anakoishi, Kinoru.

Asubuhi ya harusi nilimpitia kakangu ili tuondoke pamoja. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya printa.

"Inasema haiko," akaniambia.

"Haiko wapi, na mimi ninaiona?"

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Niliizima, nikaiwasha, nikatoa wino nikarudisha, nikaigonga ubavuni. Ikatoa karatasi yake ya majaribio bila shida yoyote. Laptopu ndiyo ilikuwa inaikana. Saiba zote za kuchapisha zilikuwa bado zimefungwa, na simu kutoka nyumbani hazikuisha: mko wapi, mko wapi?

Ndipo nikaona kialama cha kufuli pembeni mwa skrini. "Na hiki ni cha nini?"

Akajikuna kichwa. "Ni VPN, dada, ya kuficha niko nchi gani. Ya kazi. Wale wateja ninaowaandikia mtandaoni wanafikiri niko Marekani."

"Ati nini? Laptopu iko Marekani, printa iko Kinoru, halafu unashangaa hazionani? Zima hiyo kitu!"

Hakuzima. Alisema akaunti ikionekana Kenya hata mara moja inafungwa, na ndiyo inayowalisha watoto wake. Sauti yake ilikuwa chini sana. Maskini, miaka yote hiyo nilimwona akikaa tu kwa kiti nikidhani kazi yake ni rahisi. Nikakaa kando yake, nikamwambia pole pole atoke kwanza kwenye akaunti, afunge kurasa zote za kazi, halafu ndio azime. Akafanya hivyo.

Bado printa ikakataa! Programu ya ulinzi ya laptopu iliichukulia intaneti ya nyumba kama ya watu baki. Tukabadilisha pale, tukaiambia hapa ni nyumbani. Printa ikanguruma, ikavuta karatasi.

Kanisani baba alisimama, akaishika karatasi kwa mikono miwili. "Mke wangu," akasoma, wazi kabisa. Kisha machozi yakamjaa. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Siyaoni tena," akasema.

Mimi nililia, sitadanganya. Pasta akanyoosha mkono aichukue, lakini mama alimtangulia. Akamsomea baba maneno ya baba mwenyewe, kwa sauti:

"Mke wangu, ulinikubali nikiwa sina hata jembe. Macho yangu yakizimika kabisa, uso wako ninao."

Akainua kichwa. "Haya ni yako kweli, ama ni ya huyu kijana wako?"

"Ni yangu."

"Basi nimekubali," mama akasema, na pasta alikuwa bado hajamuuliza.